Salehe Hakuiba Maji

Mama, shikamoo. Nawe Zaina unayemsomea, hujambo mdogo wangu? Soma polepole na usiruke kitu, hata ukiona haya. Mimi mzima, ila kikohozi hakijaniacha. Goti lako je, Mama, bado linakusumbua ukipanda kutoka shambani?

Mliyoyasikia redioni ni kweli. Juzi Bwana Jela alitupanga uwanjani akasoma majina ya waliopata msamaha wa Rais, na langu limo. Tutatolewa kwa mafungu, langu ni la mwisho wa mwezi. Mzee mmoja aliyefungwa kwa mbao za msituni aliposikia jina lake alikaa chini akalia. Wallahi, ni jambo jema. Humu tunalala ubavu, mmoja akigeuka wote tunageuka, na sijaona mtu aliyerekebishwa na kunguni.

Lakini barua yenu imeninyima usingizi. Mnasema mtanichinjia mbuzi. Mnasema tangu nifungwe humsalimii mama mdogo, kwa kuwa mwanawe Salehe aliniibia maji. Mama, mbuzi asichinjwe. Salehe hakuiba maji.

Siku ile ilikuwa zamu yetu ya mfereji. Malori ya wanunuzi wa kabichi yalikuwa yameanza kupanda hadi kwetu Mlola, kila mtu anataka kumwagilia, na kabichi zangu zimelegea majani. Maji yakakatika ghafla. Nikapanda mbio, nikamkuta Salehe kainama kwenye mfereji na jembe. Sikuuliza. Nilimpiga kwa mpini, jicho lake moja likapofuka. Watu walipombeba, nikafuata mfereji kwenda juu. Hatua chache tu, nikaona ukingo umetobolewa na fuko, maji yote yanaishia shimoni mwake. Fuko, Mama! Kumbe Salehe naye alikuwa anatafuta yanakopotelea. Nikaziba lile tundu kwa udongo na majani, nikateremka, nikanyamaza. Mahakamani nikaapa kwamba alinifungia maji. Kijiji kikaniamini, nawe ukaniamini.

Rais amenisamehe kifungo. Hili la Salehe kuitwa mwizi hakulijua, wala hakuna aliyelijua ila mimi.

Afande anayekagua barua ataisoma hii kabla yenu. Wenzangu wananiambia nimerukwa na akili, ningoje kwanza nitoke. Naogopa, Mama. Lakini najijua. Nikishafika, nikala nyama na kupongezwa, sitasema tena mpaka kufa. Afande akitaka kunizuia nisitoke, basi anizuie.

Naomba hivi: siku wanakijiji watakapokutana kupanga zamu za maji, Zaina aisome barua hii mbele ya wote, Salehe akiwapo. Nawe Mama, usingoje siku hiyo. Nenda leo kwa mama mdogo ukamsalimie. Najua utaona aibu. Aibu hiyo ni yangu, nimekubebesha bure, nisamehe.

Nisalimie mjomba Athumani, aliyehangaika kunitafutia dhamana. Nisalimie shangazi Mwanahawa anayekutekea maji. Mke wangu Amina mwambie kwamba siku ile aliponiuliza, "Una hakika ni Salehe?", nilimfokea kwa sababu alikuwa ameshanishika kwenye uongo.

Kwa Salehe sitoi salamu, sina uso. Zaina, hapa paza sauti: aliyemwita mwizi ni mwongo, na mwongo huyo ni mimi, ndugu yake,

Shabani.