Kuni za Mama

Ibaba, Ileje
28 Julai 2024

Mdogo wangu Anyitike,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na masomo yanakwenda. Mimi na wanangu hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetuonea.

Kwanza hongera. Ule utafiti wako wa uchumi wa tabia umefaulu. Ulituambia pale kanisani kwamba mtu haogopi faini kama anavyoogopa macho ya jirani, kwa hiyo anayechoma kuni chache apakwe chokaa mlangoni, na anayechoma nyingi apakwe rangi nyekundu mpaka apunguze. Kweli bwana! Msitu unapumua. Watu wanapika mara moja kwa siku na kujisifu.

Mlango wa mama uliupaka nyekundu kwa mkono wako, watu wasije wakasema unapendelea kwenu. Maskini mama wa watu, mzee wa kuota moto kutwa! Ulipoondoka tu, wenzake wa kwaya wakaanza kumwita mla msitu. Walicheka, naye akacheka nao, lakini mimi nilimwona uso.

Tangu hapo akaacha kuwasha moto. Nilimgombeza, nikampelekea mzigo wa kuni, akaurudisha. Alisema mwanawe msomi akirudi Agosti akute mlango mweupe, hataki kumwaibisha mtoto mbele za watu. Akawa anakunywa uji uliopoa kutoka kwangu na kulala na makoti mawili. Kifua kikambana. Zahanati tulimpeleka kwa kumbeba.

Sasa kaa chini, Anyitike. Mama tulimzika Alhamisi ya wiki jana. Hukupigiwa simu kwa sababu mimi niliwakataza wote, hata baba mdogo Gwamaka aliyelia akiomba usubiriwe. Nilimwambia amwache msomi amalize utafiti wake. Sijutii, na ukitaka kunikasirikia, kasirika.

Msibani watu walijaa. Kama desturi yetu, kila nyumba ilileta mzigo wa kuni, na wale wa kwaya ndio walioleta mikubwa zaidi. Tumepikia matanga yote na bado lundo limefika kwenye paa la jiko. Mama angeota moto mpaka mvua zije. Mimi siligusi. Ukija, lipime, uandike kwenye utafiti.

Wanangu wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Tusekile