Mafunjo ya Mama Yameozea Chupani

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, Tarime yote ni tope, na mimi sina hamu hata ya chai.

Leo nimetupa chupa ya mwisho.

Ndani yake kulikuwa na mafunjo ya chemchemi ya kwetu Issenye, yale membamba ambayo mama amekuwa akisukia mikeka tangu usichana wake. Bonde lote sasa ni shamba la nyanya. Niliwahi vichipukizi vitatu tu kabla trekta halijapita, nikavileta hapa maabara ninapofanya kazi ya kuotesha miche chupani. Nilivikata vipande vidogo, nikavilea mwaka mzima mpaka zikafika chupa kumi na tisa. Kwingine sijayaona mafunjo hayo, na nimetafuta sana.

Wiki mbili zilizopita mama alikuja kunitembelea. Mimi na majivuno yangu, nikamwingiza maabara ayaone. Alipiga vigelegele! Mara umeme ukakatika, nikatoka kuwasha jenereta. Niliporudi, vifuniko vyote vilikuwa mezani.

"Nimeyafungulia yapumue, mwanangu. Mmeyabana hivyo, si yatakufa jamani?"

Chakula cha mle chupani kina sukari. Hewa ya nje ikiingia, ukungu nao unakuja kula. Hilo ndilo somo la kwanza katika kazi yetu. Ningeyaosha kwa dawa na kuyahamisha saa ileile, huenda machache yangepona. Lakini mama angeuliza kwa nini, na angejua alichofanya. Basi nikarudisha vifuniko huku natabasamu, nikampeleka kula samaki, kisha nikamsindikiza stendi.

Nilijiambia namheshimu mzazi. Ulikuwa woga tu.

Siku ya nne ukungu mweupe ukaanza kuonekana. Nikawa natupa chupa moja au mbili kila asubuhi, nikijidanganya kwamba zilizobaki zitapona.

Leo mchana mama amepiga simu. Sijamaliza hata shikamoo, kaniuliza hali ya mafunjo. Nikasema yanaendelea vizuri. Akaniambia ameshapata pa kuyapanda, pale kisimani nyuma ya nyumba, na amezungushia miiba kwa mikono yake ili ng'ombe wasiyakanyage. Nilipokata simu nikalia kama mtoto.

Jumamosi nakwenda Issenye. Nitamwambia yameoza yote, kwa uzembe wangu.

Vile vifuniko sitavitaja mpaka nafa.