Slaidi ya Kumi na Nane

Cabimas, 4 Machi 2023

Mwanangu Mairelys,

Mungu akubariki. Natumai barua hii inakukuta mzima, na upepo wa huko Argentina haujakubeba. Sisi huku Venezuela hatujambo, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio.

Nina shida, na si ya pesa, usinune. Mkuu wa shule kasema wazi: nisipopata wanafunzi kumi wa jiolojia, Septemba darasa linafungwa, nami nikacheze domino na wastaafu wenzangu. Mji huu ulizaliwa na mafuta, leo wazazi wananicheka: "Mwalimu Eudo, unawafundisha kisima kipi? Kile cha kutu pale ziwani?"

Juni shuleni tuna siku ya kuwaonyesha wanafunzi kazi za kuchagua. Nitengenezee slaidi: miamba, visima, na kazi zote za mafuta, kuanzia wapima mitetemo ya ardhi hadi watu wa maabara. Ya mwisho iwe picha yako, umevaa kofia, uko kisimani. Vijana hawa hawaamini maneno, wanaamini mtu.

Baba yako,
Eudo

Añelo, 19 Machi

Baba, naomba baraka.

Goti likandwe kwa maji moto, na mwambie shangazi akuzuie kupanda paa. Mimi mzima, kazi nyingi tu. Slaidi kumi na saba hizo hapo, nimezifanya kwa siku za Jumapili. Picha sina, Baba. Kisimani hawaruhusu simu.

Mwanao,
Mairelys

Cabimas, 2 Aprili

Mwanangu,

Mungu akubariki, akuongezee nguvu. Slaidi zimefika, nzuri mno, nimezitazama mpaka umeme ukakatika.

Ila ya nane nimeirekebisha. Ule mwamba mrefu uliotolewa kisimani, mstari mwekundu umeupaka kushoto na mweusi kulia. Ukiutazama kuelekea juu, mwekundu hukaa kulia, la sivyo mwamba utawekwa kichwa chini na kila kitu kisomwe kinyume. Ulikuwa na miaka tisa uliponisahihisha mimi kosa hilo hilo mbele ya wageni. Umechoka tu, naona.

Picha, mwanangu. Moja tu. Nina majina manne hadi sasa.

Baba yako

Añelo, 28 Mei

Baba, naomba baraka. Nisamehe kwa kimya. Picha hii hapa. Kofia inanipwaya, usicheke.

Mwanao

Cabimas, 20 Juni

Mwanangu,

Mungu akubariki mara mia! Kumi na moja! Wamejiandikisha kumi na moja!

Umeme ulikatika slaidi ya tano, tukaunganisha betri ya gari la padri. Ilipofika ya kumi na nane wakasogeza viti mbele. Yusbely, binti wa Nerva muuza ndizi za kukaanga, ni mmoja wa hao kumi na moja, na mwaka huu kapata alama za juu kuliko wote. Akasimama: "Mwalimu, huyu alisoma humu humu?" Nikamwambia humu humu, na utundu wake ulikuwa huu huu wenu. Akasema, "Basi kama visima vinavyofanya kazi viko kule, sisi tunangoja nini huku?" Wakaangua kicheko. Nami nilicheka.

Baadaye alikuja kuomba anwani yako, nikampa.

Baba yako

Añelo, 11 Septemba

Baba, naomba baraka, ingawa leo sistahili.

Yusbely amefika. Siku kumi na tisa kwenye mabasi, miguu imevimba. Alikuja moja kwa moja kwenye anwani uliyompa. Ni duka la kufulia nguo, Baba. Ndipo ninapofanya kazi, mwaka wa sita huu. Karatasi zangu za chuo hawakuzikubali. Nafua ovaroli za wanaochimba. Kofia niliazima kwa mteja, na ile picha yenye kisima nyuma yangu nilipigwa nje ya uzio.

Hakulia. Aliuliza tu, "Dada, na yale yote ya kwenye slaidi?" Nikamtengea beseni la maji moto atie miguu. Mama yake ameuza jokofu na meza ya biashara, hana pa kurudi. Sasa tunalala kitanda kimoja, na mchana anakunja nguo kando yangu. Nilikudanganya nikidhani nakupunguzia huzuni wewe peke yako.

Mwanao,
Mairelys

Cabimas, 3 Oktoba

Mwanangu,

Mungu akubariki. Na hiyo baraka usiikatae, ni yako.

Wewe hukunidanganya. Nilijua tangu ule mstari mwekundu. Mtu anayeshika mwamba kila siku hawezi kuukosea, hata akiwa usingizini. Nilijua, nikakubana unipe picha, kisha nikasimama mbele ya watoto wa watu nikasema, "Mtazameni." Nililitaka darasa langu. Aibu hii ni yangu.

Darasa lenyewe limefungwa. Yusbely alipoondoka, wanne nao wakaondoka, mmoja Chile, watatu sijui wapi. Wakabaki sita. Mkuu amenishukuru kwa utumishi wangu.

Jana nilikwenda kwa Nerva kumweleza ukweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nikamkuta anakaanga ndizi chini, kwenye mafiga matatu. Akafuta mikono, akaniletea kiti pekee alicho nacho. "Mwalimu, mtoto wangu ameshaanza kazi?"

Nikamwambia ameanza.

Baba yako