Nani Atamkanda Chelimo

Mwanangu Fardosa,

Nakuru ni baridi tu, lakini kifua cha baba yako kimepoa, alhamdulillahi.

Jana nilienda Njoro kumwona Chelimo, yule mama ambaye broka amempata akubebee mimba. Broka alimgeuza mbele yangu, akampiga nyonga na kiganja. "Mathe, cheki hii. Inazaa bila shida." Kama mbuzi wa kuuzwa Kikopey. Chai niliyopewa nikaiweka chini.

Nikauliza, mtoto akishachukuliwa, maziwa yakimjaa huyu, nani atamkanda? Nani atampikia uji siku arobaini zote? Broka akacheka. "Hiyo haiko kwa mkataba, mathe. Akizaa anapanda gari anaenda kwao." Chelimo akaangalia chini.

Nilifika nyumbani nikanawa mikono kama nimeshika mzoga.

Najua umelia miaka mingi, mwanangu, na mjukuu hata mimi namtaka. Lakini usiweke sahihi bado. Mpigie Chelimo wewe mwenyewe, umuulize yeye anataka nini. Akikubali, arobaini atakaa hapa kwangu, kwa kitanda chako, nimkande kama nilivyokandwa nilipokuzaa. Hilo liandikwe. Lisipoandikwa, huyo mjukuu nitampokea na mikono gani?

Ni mimi mama yako,
Jannat