Sukari Imerudi Mjini, Nyumbani Kwangu Bado

Mpendwa Mama Joëlla,

Nakusalimu kwa heshima na nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, kwa sababu siku hiyo nyumba yangu itajaa watu na mimi sijui nitauficha wapi uso wangu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mzaliwa wa hapa hapa mtaani Jabe, fundi cherehani, mama wa watoto wawili ambao wote wana nyumba zao. Mume wangu Tajudini ni fundi wa malori kwenye gereji moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Tumekaa pamoja miaka ishirini na minane, na sikuwahi kumdanganya katika jambo la maana mpaka mwaka huu.

Huu mwaka, mama, ulianza vibaya. Mwezi wa kwanza shemeji yangu Massoudi, kaka mkubwa wa Tajudini, alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari, na kabla Ramadhani haijaisha tukamzika, Mwenyezi Mungu amrehemu, na arobaini yake haijafika Tajudini naye akaanguka kazini, wenzake wakambeba mpaka hospitali, daktari akampima akamwambia ni ugonjwa ule ule wa kaka yako, meza vidonge hivi, acha sukari, punguza mandazi, tembea kwa miguu, naye akaitikia ndiyo dokta, ndiyo dokta, kisha akaja nyumbani akaomba chai. Chai ya Tajudini ilikuwa vijiko vinne katika kile kikombe chake kikubwa cha bati, mara nne kwa siku. Nilipomkumbusha maneno ya daktari akaniambia, "Mama Ilias, we niache. Chai bila sukari ni dawa ya kukohoa. Kama ni kufa, mi nife na chai yangu." Siku hiyo nililia jikoni, maana kila alipokoroga kile kikombe mimi nilikuwa namwona Massoudi.

Halafu mji ukakosa sukari. Wewe uko hapa, huna haja nikueleze, mwezi wa sita hata ukienda na ndoo ya machozi hakuna duka lililokuuzia. Wiki ya kwanza Tajudini alikasirika na kila mtu, paka wetu pia. Nikamtilia tangawizi, nikamtilia mdalasini, akanywa huku amekunja uso. Na esansi ya magari nayo ilikuwa imekosekana, mabasi hayaonekani, ikabidi aende kazini kwa miguu na arudi kwa miguu, akawa anafika amelowa jasho ananung'unika, lakini ilipofika wiki ya nne manung'uniko yalipungua, nikaona anakula mboga za lenga-lenga bila kulazimishwa, nikaona usiku analala bila kuamka. Mwezi wa nane tulirudi kupimwa, daktari akatazama karatasi, akamtazama yeye, akauliza huyu bwana amefanya nini. Nilitoka pale nimefurahi kuliko siku ya arusi yangu.

Wiki ile ile sukari ikarudi sokoni. Nilinunua pakiti moja kwa mazoea tu, nikaja nayo nyumbani, nikaisimamia kama mtu aliyeokota nyoka. Jioni Tajudini akavua viatu, akakaa, akaniuliza, "Mama Ilias, sukari ilipatikana?" Nikamjibu, "Bado." Neno lilitoka lenyewe, Mama Joëlla, sikulipanga. Na tangu siku hiyo ni bado hiyo hiyo, miezi minne sasa. Sukari yenyewe niliitia kwenye kikopo cha maziwa ya unga nikakizika ndani ya gunia la mchele.

Nimeponea chupuchupu mara nyingi. Mwezi wa kumi jirani yetu Daphrose aliingia wakati wa chai ameshika mfuko wa sukari, anatuletea zawadi maana mwanawe amebatizwa, mimi nikaganda na birika mkononi, lakini kwa bahati Tajudini aliwahi kusema, "Daphrose, asante sana, upelekee batoto. Siye tumeisha kuzoea ivi." Siku nyingine nilisahau kikopo dirishani nikaenda kwa mteja, nikakumbuka njiani, nikarudi mbio nikijua amekwisha kufika, na kweli nilimkuta amekaa anasikiliza redio, lakini kikopo kilikuwa ndani ya gunia mahali pake, kumbe nilikirudisha mwenyewe bila kujua. Kichwa changu siku hizi kimechoka.

Maana nakwambia ukweli, huu uongo unanila. Nina furaha, Mama Joëlla, tena furaha ya kweli, mume wangu ana rangi usoni, Jumapili tunatembea wawili mpaka ufukweni kama tulivyokuwa kabla hatujaoana, lakini dhamiri inanisuta mpaka mwilini. Nina kiu isiyoisha, jagi la maji namaliza kabla ya adhuhuri, usiku ndiye mimi ninayeamka mara tatu kwenda chooni, nikitunga uzi kwenye sindano macho yanaona ukungu, na mwili mzito hata kabla sijafanya kazi. Kitu kinachonituliza ni chai yangu ya saa nne, Tajudini akiwa kazini, vijiko viwili tu, siku nyingine vitatu.

Sasa Tajudini mwenyewe kasema, "Huu mwaka ulitupiga sana, lakini tuko wazima. Tufanye dua, tumushukuru Mungu." Tumealika majirani, na wifi yangu Sijaona anakuja kutoka Rumonge. Juzi kanipigia simu, sauti unaisikia mpaka barabarani, eti, "Kaka yangu anakunywa chai ya uchungu tangu mwezi wa sita, mi siwezi kubali. Naleta kilo tano. Sukari iko mingi sasa, huko kwenu kuna nini?" Akiyasema hayo mbele ya watu, nimekwisha. Mume wangu ni mpole, lakini uongo hausamehe. Yeye na rafiki yake Twahiru walikuwa wameshirikiana gereji, Twahiru akamdanganya kuhusu kipuri kimoja tu, kikuukuu akakiita kipya, na leo ni mwaka wa sita wanapeana salamu ya dini na basi. Naogopa ataniangalia kwa jicho lile. Na naogopa zaidi kwamba kwa hasira atarudia vijiko vyake vinne, nami nitakuwa nimemponya na kumzika mwenyewe.

Nimwombe Sijaona anyamaze? Niseme? Na nitainua vipi mikono kushukuru, wakati uongo wangu uko ndani ya gunia la mchele? Tafadhali jina langu lifiche.

Mama Ilias, Jabe

*

Mama Ilias,

Unataka nifiche jina lako, halafu umenitajia mume, gereji, jirani, wifi na mahali kikopo kinapolala. Haya, majina yote nimeyageuza. Kilo tano za sukari sikujua nizigeuze kuwa nini, nimeziacha.

Pole kwa msiba wa shemeji yako. Na hongera, nakupa bila kukubania: katika mwaka ambao wengi tulikuwa tunalaani vituo vya esansi, wewe ulitumia shida ya mji kumponya mume wako kwa tangawizi na mdalasini. Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita kabla ya kukalia kiti hiki cha kujibu barua, na nimeona wagonjwa walioshindwa na yale ambayo Tajudini ameyaweza.

Sasa nikugombeze. Uongo ulikuwa uongo. Mtu mzima akikataa maneno ya daktari, unamrudisha kwa daktari, unamwita mwanawe, unamwita imamu, unalia mbele yake badala ya kulilia jikoni. Humfanyi mtoto wa kufichiwa kikopo. Ungekuwa umelia mbele yake mwezi wa nne, pengine usingeniandikia leo.

Lakini kaa chini, kwa sababu nina jambo la kukuambia, nawe ndiye uliyeniandikia bila kuliona. Tajudini anajua.

Soma barua yako tena. Mume wako anatengeneza malori kule Zone Industrielle, penye maghala ya mji mzima. Ukitaka kumficha mtu wa kule kwamba sukari imerudi, itabidi umfunge macho na pua. Mtu aliyekuwa anakunywa vijiko kumi na sita kwa siku amekuuliza habari ya sukari mara ngapi kwa miezi minne? Katika barua nzima nimehesabu mara moja. Mimi mume wangu Népomuscène, chumvi ikipungua kwenye maharage, anauliza mara tatu kabla hajamaliza sahani. Daphrose alipoleta zawadi, ni nani aliyeirudisha? Wewe uliganda, yeye ndiye aliyesema, na wala hakuuliza sukari imetoka wapi. Na kikopo, Mama Ilias. Kikopo hakina miguu. Hukukirudisha wewe. Alikikuta dirishani, akajua kinatakiwa kulala wapi, akakirudisha kwenye mchele, akakaa akawasha redio, akakungoja uingie ukihema.

Siwezi kuusemea moyo wake, sijawahi kuketi naye. Nadhani tu kwamba mwanamume akishaapa mbele ya mkewe kwamba atakufa na chai yake, haya inamzuia kurudi nyuma, hata akiwa amemzika kaka yake juzi. Wewe ulipomwambia bado, ulimpa njia ya kurudi bila mtu kumcheka. Akaipita. Na kila jioni anakunywa ile chai akijua, kwa ajili yako na kwa ajili ya miguu yake. Twahiru alidanganya ili apate faida, na mume wako si mtu wa kushindwa kuona tofauti.

Kwa hiyo yeye hanisumbui tena. Anayenisumbua ni wewe.

Unakunywa jagi la maji kabla ya adhuhuri. Unaamka mara tatu. Macho yana ukungu, mwili mzito. Umeandika yote hayo kwa mkono wako ukayaita dhamiri. Dhamiri inamnyima mtu usingizi, hilo nakubali, lakini haimpi mtu kiu ya namna hiyo. Uliishi mwaka mzima na kisukari nyumbani mwako, ukamwuguza shemeji, ukamlinda mume, unajua dalili zake kuliko wanafunzi wangu wa zamani wa uuguzi, na ulipofika kwako ukafumba macho. Tena unautuliza kwa chai ya saa nne, vijiko viwili, siku nyingine vitatu. Mama Ilias, nimekasirika. Nimekasirika kama dada yako.

Pengine si kitu. Pengine ni kitu. Hatukisii, tunapima. Kesho asubuhi, kabla hujala chochote, nenda kituo cha afya kilicho karibu, waambie dalili zote kama ulivyoniandikia mimi, wakupime sukari, na presha pia ukiwa pale pale. Usingoje dua ipite, usiseme una nguo za wateja za kumaliza. Nguo zitangoja. Na wakikuta unao, usije ukajilaza kitandani ukamfuata Massoudi kwa mawazo. Tayari nyumbani kwako kuna mtu aliyeushika ugonjwa huo akaubana, na mbinu zote ni wewe uliyemfundisha.

Habari ya kikopo, imalize leo, akishaswali alasiri. Kitoe kwenye mchele, kiweke mezani kati ya vikombe viwili, umwambie hivi: "Baba Ilias, sukari ilirudi tangu mwezi wa nane. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kukuzika." Kisha nyamaza. Usimweleze habari ya mji, usimweleze Daphrose, usilie kwanza. Mwache aseme yeye, na akitaka kucheka acheke, na akikasirika siku mbili, vumilia hizo siku mbili, unazistahili.

Sijaona usimwingize kwenye uongo, hata kwa sauti yake ile hataweza kuubeba. Mpokee, mshukuru, sukari yake iwe ya wageni, kila mtu ajitilie kwa kadiri yake. Mandazi na sambusa, nyinyi wawili mnachukua kimoja kimoja na mnatosheka. Na mkishapokea wageni muendelee kutembea, hata esansi ikijaa mji mzima.

Uliniuliza utainua vipi mikono. Inua tu. Hakuna aliyekuambia useme mwaka ulikuwa mzuri. Mlimzika mtu wenu, mtajeni Massoudi kwa jina lake. Mlipata shida mkatoka nayo mkiwa wawili, mezani pamoja, miguu minne mizima. Mimi ni Mkristo, sijui maneno ya dua yenu, lakini hayo nadhani yanafaa katika dua yoyote.

Jambo la mwisho. Kesho asubuhi usiende kupimwa peke yako. Mwambie akusindikize, kwa miguu, ameshazoea. Mkirudi, kaa kwenye kiti chake, yeye ndiye aende jikoni akupikie chai, atie tangawizi yake na mdalasini. Ukionja, mwulize sukari iko wapi.

Mwache akujibu, "Bado."