Kwa Nini Sikukutilia Sahihi

Asembo Bay,
9 Novemba 1997.

Mpendwa Bwana Idd,

Salaam aleikum. Natumaini wewe na mkeo Mama Zeituni mko wazima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua wakati wa kusujudu. Mimi niko hapa kwa binti yangu Dorca, nakunywa uji na kusikiliza ziwa. Moyo umechoka. Daktari wa Bondo alinishauri nisipange mambo ya mbali, nikamjibu kwamba hata kupanda kitandani siku hizi ni safari ya mbali. Akacheka, nikaona ni kijana mwema.

Kabla sijaondoka, lazima nikuambie jambo nililokuficha tangu tulipojuana. Dorca mwenyewe sijamwambia. Wewe ndiwe unayestahili kulisikia kwanza, maana ni wewe liliyekuumiza.

Lakini niruhusu kwanza nikumbuke raha zetu pale dukani kwako Kisumu, katikati ya nyavu, na ile redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambayo ilishika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala jioni moja. Taarifa ya habari ikiisha, bunge letu linafunguliwa. Ulisifu Tanzania kwamba mtu husafiri kutoka Bukoba hadi Lindi bila kuulizwa kabila lake; nami nikataka kujua mtu huyo ameoga kwa sabuni gani, kwa kuwa miaka ile sabuni ilivushwa mpaka kwa magendo kutoka kwetu. Ukaniita bepari wa chaki. Waganda walipoanza kukutana uwanjani kuchagua wazee wa kijiji na kuwahoji ana kwa ana, nilisema huo ndio uraia. Ukanikumbusha kwamba vyama vyao vilikatazwa hata kufanya mkutano. Na nilipojivunia magazeti na mahakama za Kenya, uliniuliza kama mwalimu aliyesoma sana anaweza kukueleza ule uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo tulisikia kwamba kwingine mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Wateja walicheka hata mmoja akaondoka bila nyavu alizolipia.

Kisha vyama vingi vikarudi, na mwaka 1992 ukaamua kugombea udiwani. Nakumbuka walivyokutukana. Walisema jina lako ni la watu wa kuja, kwamba babu yako aliletwa na jeshi la Mwingereza na angeondoka nalo. Wewe, uliyezaliwa Kaloleni, palepale Kisumu, unayenishinda mimi kwa matusi ya Kijaluo!

Ulihitaji mpiga kura wa wadi yetu ya Migosi akupendekeze kwa sahihi yake. Ulikuja kwangu umevaa kanzu mpya, Mama Zeituni nyuma yako na sahani ya sambusa, ukanieleza kwamba mzee wa Kijaluo akitia sahihi, wale watu watafunga midomo. Nikasema macho yangu hayaoni vizuri. Ukanisogezea taa. Nikasema mkono unatetemeka. Ukasema utaushika. Nikasema nina kazi nyingi, nami nilikuwa nimestaafu, na wote wawili mlikuwa mkijua. Ukakunja karatasi yako polepole ukaniambia, kumbe hata wewe, Mwalimu, unaona mimi si wa hapa.

Tangu siku hiyo hujakanyaga kwangu. Gordon mchinjaji alikutilia sahihi na ukashinda. Matokeo yalipotangazwa nilicheza peke yangu jikoni hadi jirani akaja mbio akidhani nimeungua na mafuta. Lakini kuja kukupongeza sikuthubutu, maana ungeniuliza nilimpigia nani kura.

Sasa nasikia unagombea tena mwezi ujao, na walewale wanaimba wimbo uleule. Barua hii msomee yeyote umtakaye, hata jukwaani. Wakitaka kunishtaki, waje na watu wanne wa kubeba kitanda. Ila ningependa uje wewe kabla yao. Dorca atakupikia samaki, ngege wabichi wa hapa ufukweni, nasi tufungue bunge letu mara moja tena, hata kama nitaongea nikiwa nimelala.

Nisalimie Mama Zeituni; mwambie zile sambusa nilizila zote, moja baada ya nyingine, kwa aibu. Nisalimie Gordon na watu wote wa dukani.

Na sasa jambo lenyewe. Sikuwahi kukuona mgeni, Idd. Sahihi yangu isingekufaa, kwa sababu sijawahi kuwa mpiga kura. Nilizaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka, nikaja Kisumu kufundisha shule ya misheni zamani za mkoloni. Baada ya uhuru tulipewa miaka miwili ya kujiandikisha kuwa raia. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la saba sheria hiyohiyo, na mwenyewe nikaahirisha mpaka muda ukapita. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, nikaogopa kufungua mdomo. Naitwa Oketch na nasema Kijaluo, kwa hiyo hakuna karani aliyeniuliza kitu, ilhali wewe walikuuliza hadi kaburi la babu yako. Kati yetu wawili, Mkenya ni wewe. Mimi ni Mtanzania.

Rafiki yako,
Mwalimu Dishon Oketch