Kobe Niliyemtupa Mitwero

Rasbura, Lindi, 1908

Bwana Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, kisha unisaidie, maana moyo umetulia lakini bado una donge.

Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu Adija, jina lake Kazija, ana miaka mitano, na mwaka wa vita vya Maji Maji askari walichoma nyumba na ghala zao kule Nyangamara, njaa ikafuata, dada akafa, mtoto akaletwa kwangu mifupa mitupu, amemkumbatia kobe ndani ya kanga, na kila aliyetaka kumpokea yule kobe aling'atwa na mtoto. Miezi minne hakusema na mtu, alisema na kobe tu, hata siku moja akaniambia, "Mama mdogo, kobe ana kiu," nami nikaingia chumbani nikalia.

Basi mwezi uliopita mwanangu Kibwana, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, alishikwa na kuhara na kutapika, macho yakadidimia, nami nilikuwa nimemwona akichovya mkono katika bakuli la kobe na kunyonya vidole, na mama mkwe wangu, Bi Tawakali, akasema, "Mnyama huyo amekuja na mauti ya huko alikotoka. Mtoe kabla hujazika." Nikaogopa, Bwana Mshauri. Kazija alipolala mchana nikamtia kobe kikapuni nikaenda kumwacha vichakani Mitwero, na mtoto alipoamka nikamwambia kobe ameondoka mwenyewe.

Kibwana akapona, alhamdulillahi, lakini Kazija akanyamaza tena, akakaa mlangoni, hata uji haukupita. Siku ya pili akaniuliza, "Na wewe utaondoka?" Nikarudi Mitwero, nikatafuta siku mbili nikipekua kila kichaka, hata mkulima mmoja, Mzee Likwata, akaniita, "Mwanangu, unatafuta nini shambani kwangu?" Nikamwamkia, nikamweleza, akafunua tenga, na kobe yumo, gamba limechubuka ukingoni, anatafuna majani ya kunde.

"Nilimgonga kwa jembe bila kumwona," akasema. "Nikaona haya kumwacha."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Kazija alipomwona alikula sahani nzima ya wali, akalala mkono wake juu ya gamba.

Sasa wote wazima, lakini mama mkwe hasemi nami, nahofia Kibwana asije akaugua tena, Kazija humfunga kobe kamba mguuni, humlisha ugali, humbeba huku na huku na jana amemwangusha, na juu ya yote ule uongo wangu unanichoma kila mtoto akiniita. Nifanyeje?

Mimi, Mwahija binti Ahmadi

*

Bi Mwahija,

Nimesoma barua yako nikashusha pumzi nilipofika kwenye tenga la Mzee Likwata. Watoto wako wawili wanakula, na kobe yu hai. Shukuru kwanza, kisha unisikilize, maana nina ya kukugombeza.

Kobe hana mkosi wa vita. Ana uchafu, kama kuku walivyo nao, na uchafu huo umo ndani ya bakuli lake na juu ya gamba lake. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani, nawe uliona ukanyamaza. Hapo ndipo kosa lilipoanza, si Nyangamara.

Mzungushie kobe ua wa fito nyuma ya nyumba, mbali na jiko na mtungi wa maji, penye jua na kivuli. Bakuli lake liwe lake, maji yabadilishwe kila siku, wala usilioshe pamoja na vyombo vyenu. Kibwana asimguse mpaka awe mkubwa wa kuelewa akikatazwa. Kazija amguse akiwa ameketi chini, asimwinue tena, wala asilale naye, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni, wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Kamba ifungueni leo, itamkata mguu. Ugali msimpe; mpeni majani, mchicha na kunde. Pale alipochubuka paoshe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, upakaushe, nzi wasitue hapo.

Mama mkwe wako alikosea sababu, lakini aliogopa kumzika mjukuu, nawe uliogopa hilo hilo. Usimnunie. Mpelekee Kibwana ampakate, umwonyeshe ule ua, na umwombe akusaidie kusimamia kunawa mikono. Mtu akipewa kazi katika jambo huacha kulipinga.

Limebaki la Kazija. Mtoto huyu alishafiwa na mama, nawe ukamwambia kwamba wampendao huondoka tu bila kuaga. Ndiyo maana alikuuliza lile swali, na hujaniandikia kwamba ulimjibu. Mjibu kesho asubuhi, mkiwa mmeketi karibu na ua. Mwambie ulimchukua kobe wewe, uliogopa, ukakosea, ukaenda kumtafuta hadi ukampata, na kwamba wewe huendi popote. Atalia, mwache alie. Na katika kusimulia usimtaje mama mkwe wako hata kidogo, maana miguu iliyokwenda Mitwero ilikuwa yako, kwenda na kurudi.